Ubao wote kijani

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua haitoki."

Ilikuwa Jumanne, saa 3:10 asubuhi. Mhasibu wetu alisimama mlangoni kwangu, mimi mtu wa TEHAMA wa ofisi, na miwani mkononi, kama mtu aliyekwisha kujaribu mwenyewe mara kadhaa kabla ya kuja kumsumbua mwenzake. Nikageukia skrini. Ukurasa wa hali ya huduma, ubao ambao kampuni inayotuuzia barua pepe hutuonyeshea kama huduma zake zinafanya kazi, nilikuwa nimeufungua tangu nilipoingia ofisini, kama ninavyofanya kila siku kabla hata ya chai. Barua pepe, tiki ya kijani. Mafaili, tiki ya kijani. Mikutano ya video, tiki ya kijani.

Nikamjibu bila kuinuka kitini.

"Kwetu kuko sawa, mama. Itakuwa ni kompyuta yako."

Akaenda, akazima, akawasha. Akarudi. Nikamwambia abadili nenosiri, mfumo ukakataa. Mara ya tatu nikamfuata mezani kwake, nikaifuta akaunti yake kwenye programu ya barua ili niiweke upya.

Hapo ndipo nilipomuumiza. Programu ile huweka nakala za barua ndani ya kompyuta, kwa hiyo hata mtandao ukikatika, barua za jana na za wiki iliyopita unazisoma. Nilipoifuta akaunti, nakala zikaondoka nayo, na kwa kuwa huduma yenyewe ilikuwa imelala, hapakuwa na pa kuzivuta tena. Ndani ya barua hizo mlikuwa na hati ya shehena ya makontena mawili ya mteja, yaliyotakiwa kutoka bandarini siku ileile. Dakika kumi kabla, alikuwa anaweza kuifungua na kuichapa. Baada ya mimi kumsaidia, hakuweza.

Hakusema kitu. Alichukua mkoba wake, akashuka ngazi, akapanda bajaji kwenda kwa wakala wa meli kuomba nakala ya karatasi.

Saa 3:58 ubao ukageuka rangi ya chungwa. Baadhi ya watumiaji, tangazo lilisema, huenda wakashindwa kutuma au kupokea barua.

Baadhi.

Picha ya skrini

Sitaitaja kampuni inayotuuzia huduma hii. Walirekebisha, na mchana barua zote zilikuwa zimerudi mahali pake. Makontena yalitoka kesho yake, na mteja akalipia siku moja zaidi ya hifadhi. Bosi aliniuliza kilichotokea, nikamwambia mtandao ulisumbua, akaridhika. Nani Dar es Salaam hajawahi kusumbuliwa na mtandao?

Nilikuwa hata na ushahidi. Asubuhi ile nilipiga picha ya skrini kwa mazoea: saa 3:12, tiki zote za kijani. Nikaiambatanisha kwenye ripoti.

Wiki tatu nzima picha ile haikuniacha. Kila nilipoifungua niliona jambo lilelile. Nilikuwa nimehifadhi ushahidi kwamba mtu alinieleza ukweli usoni, nami nikaamini rangi.

Kijani cha nani?

Wengi tunaofanya kazi hii tunadhani nyuma ya ubao kuna waya, kwamba huduma ikizimika taa inawaka yenyewe. Mitambo ya kupima ipo, tena mingi, lakini kati ya kipimo kuonyesha hitilafu na tangazo kutokea mbele yako kuna watu. Mtu wa zamu anathibitisha kwamba tatizo ni la kweli, anatafuta limewagusa wateja gani, anapima maneno, ndipo tangazo linatoka. Mwenye wateja dunia nzima hawezi kutangaza kila kikohozi. Microsoft 365, huduma ya barua pepe na mafaili ya Microsoft, ina hata hali maalumu kwa ajili ya tukio lililotangazwa, kisha ikaonekana halikuwa tukio. Anayetangaza husitasita, na kusitasita kwake kuna sababu.

Lakini dakika anazositasita yeye, anazilipia aliye mlangoni kwako.

Na wakati mwingine ubao hauwezi kusema hata ukitaka. Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya Amazon iitwayo S3 ilianguka katika eneo lao la kaskazini mwa Virginia, baada ya mfanyakazi kukosea sehemu ya amri na kuondoa seva, yaani kompyuta zinazoendesha huduma, nyingi kuliko alivyokusudia. Kwa muda wa saa 2 hawakuweza kubadilisha alama za huduma kwenye ubao wao, kwa sababu mfumo wa kuuendesha ubao nao ulikuwa unategemea S3. Ikabidi watumie Twitter na maandishi ya juu ya ukurasa. Mgonjwa alikuwa amelala juu ya kipimajoto.

Kisa hicho nilikisoma miaka mingi iliyopita, nikakihesabu kuwa habari ya watu wa mbali. Sikukihusisha na ubao wangu.

Hata ahadi ya huduma kupatikana asilimia 99.9 ya muda, iliyoandikwa kwenye mikataba mingi ya aina hii niliisoma vibaya. Kwa mwezi wa siku 30, ile sehemu ndogo inayobaki ni dakika 43. Zikidondoka saa 8 usiku, hakuna anayejua. Zikidondoka saa 3 asubuhi siku ya kutoa mzigo, mkataba haujavunjwa na mteja wako amepata hasara.

Somo la Mei nililolielewa nusu

Nilijiuliza sana nilikoutoa uhakika ule wa kumjibu mtu mzima bila kuinuka kitini. Nadhani niliutoa Mei 2024.

Jumapili ya tarehe 12, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Yaliyofuata mnayajua: intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki. Jumatatu asubuhi niliufungua ubao kwa simu. Ulichukua karibu dakika nzima kujitokeza, mstari mmoja baada ya mwingine, na ulipokamilika ulikuwa wote kijani.

Na ulikuwa mkweli. Seva zao zilikuwa zinapumua vizuri huko ziliko. Kilichokatika ni barabara ya kuzifikia. Ofisi nzima ilikuwa inaniuliza kwa nini barua hazifunguki, nami nikajifunza kitu nilichodhani ni hekima: ubao ukiwa kijani na watu wanalalamika, tatizo liko upande wetu.

Upande wetu. Kutoka "barabara yetu" hadi "kompyuta yako" ni hatua moja tu, na niliipiga bila kujua. Mei ilinifundisha kwamba ubao unasema habari za nyumba ya mwenye huduma na hausemi habari za barabara. Hilo ni kweli. Sikujiuliza swali la pili: je, habari za nyumba yenyewe unazisema kwa wakati?

Vipimo havionyeshi kitu

Wiki ya nne nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata mhasibu wakati wa chai, chini kwa mama ntilie, alipokuwa anakula chapati na maharage.

"Mama, ile Jumanne nilikukosea."

Akasogeza kiti nikae. Akamaliza kutafuna kwanza.

"Umewahi kuumwa ukaenda hospitali, ukatolewa damu, ukaambiwa vipimo havionyeshi kitu?"

Nikamwambia nimewahi.

"Basi. Unarudi nyumbani na homa yako ileile, na sasa una aibu juu yake."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Bajaji haikumuuma, wala jua, wala foleni ya kwa wakala wa meli. Jambo lililomuuma ni usiku ule. Alilala akijiuliza kama kompyuta hizi zimekwisha kumshinda. Ana miaka mitatu kabla ya kustaafu. Aliwaza labda alibonyeza kitu, labda wenzake vijana wanajua na yeye hajui. Hakuna aliyemwambia siku ileile kwamba huduma ilikuwa imelala kwa ofisi nzima, kwa sababu mimi niliandika tangazo la jumla saa 4:20, nikalituma kwa barua pepe.

Kwa barua pepe. Barua zikiwa zimelala.

Kwa Kiswahili ukurasa ule tunauita afya ya huduma, na neno afya nilikuwa nalipitia juujuu kila siku. Daktari mzuri huanza na "unaumwa wapi?", kipimo hufuata. Mimi nilianza na kipimo, tena kipimo cha mtu mwingine, kilichopimwa kwingine, nikamrudisha mgonjwa nyumbani.

Nausubiri, nao unanisubiri

Jioni ile niliufungua ubao tena, safari hii nikausoma ukurasa wote badala ya tiki peke yake. Chini ya orodha kulikuwa na sehemu ya kuripoti tatizo ambalo halijaonekana kwenye ubao. Microsoft 365 inayo pia, kwenye ukurasa uleule wa afya ya huduma. Nilikuwa nimeisimamia huduma hii kwa miaka sita na sijawahi kuigusa sehemu ile.

Sikuigusa kwa sababu nilikuwa nasubiri ubao uniambie.

Fikiria basi saa 3:10 ya asubuhi ile. Mjini kote kuna ofisi kama yetu, na katika kila ofisi kuna mtu amesimama mlangoni kwa mtu wa TEHAMA, miwani mkononi, anasema barua haitoki. Na kila mmoja wetu anageukia skrini, anaona kijani, anamrudisha. Mwenye huduma, huko aliko, anasikia kimya. Mitambo yake itamwambia kwa wakati wake, lakini sisi tuliokuwa na mashahidi hai tumenyamaza.

Mimi nilikuwa nausubiri ubao, na ubao ulikuwa unanisubiri mimi.

Wazee walisema lisemwalo lipo. Sasa nikiambiwa barua haitoki, naripoti kwanza, hata kama sina uhakika. Ikionekana ni kosa langu, nimepoteza dakika mbili.

Shaka ambayo haijaniisha

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwamba amini watu, usiamini ubao. Nilijaribu kuishi hivyo kwa mwezi mmoja, nikaumiza wengine.

Watu wawili wa ghorofa ya pili walinipigia kwa mfululizo, mtandao hakuna. Sikutaka kurudia kosa. Nikatuma ujumbe mfupi kwa ofisi nzima kwamba huduma imelala na tunasubiri. Kijana wetu wa kufuatilia mizigo akaahirisha safari ya Bandari Kavu kwa kutegemea neno langu. Nusu saa baadaye nikagundua kwamba swichi ya mtandao ya ghorofa ile, kifaa kinachoziunganisha kompyuta zake, ilikuwa imechomolewa ili mtu achaji simu. Huduma haikuwa na tatizo lolote, na kijana wa watu alikosa nafasi yake ya siku.

Kwa hiyo ninaamini kwa daraja. Anayelalamika namwamini papo hapo: kwake barua haitoki, hilo halina mjadala. Lakini sababu siitaji mpaka niione kwa njia mbili. Nachukua simu, nazima waifai, nafungua barua yangu kwenye kivinjari kwa kifurushi cha simu. Nusu dakika tu. Ikifunguka kwa simu na ofisini haifunguki, ni barabara yetu au ni ndani ya jengo. Ikigoma kote kuwili, naanza kuitazama nyumba ya mwenye huduma, hata tiki ziwe kijani kama majani ya mgomba. Na wakati natafuta, mtu haguswi nenosiri wala akaunti. Hilo sasa ni sharti ofisini kwetu: usifute kitu kwenye kompyuta ya mtu wakati hujajua kilichokufa ni nini.

Bado sijui idadi sahihi ya kabla ya kutangaza. Mtu mmoja? Wawili wa ghorofa tofauti? Nimechagua wawili wanaopita njia tofauti. Kuna siku nitachelewa kwa sababu ya kanuni hii, najua.

Saa zao, saa zetu

Jambo dogo lililonisaidia kuliko nilivyodhani ni saa.

Matangazo mengi huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Taarifa inayofuata itatoka saa 09:00 UTC. Zamani niliyasambaza maneno hayo kama yalivyo, na watu wakawa wanaangalia ukutani saa 3 asubuhi, au wanabishana tumeongeza ngapi. Siku moja nikakaa na karatasi. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, na saa ya Kiswahili inarudi nyuma 6. Ukiunganisha, unatoa 3 tu. Saa 09:00 yao ni saa 6 mchana kwetu. Saa 07:05 ni saa 4:05 asubuhi. Tangu hapo natoa 3 kichwani na kuandika saa ambayo mama anaijua.

Nilifanya zoezi hilo kwa tukio la Microsoft la tarehe 25 Januari 2023, nikashtuka. Walikuwa wanabadili anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho, ya ruta moja (kifaa cha kuelekeza data) kwenye mtandao wao mpana. Amri moja ikazifanya ruta nyingine zote za mtandao huo zianze kujihesabia njia upya, na zikiwa zinahesabu hazikuweza kupitisha data sawasawa. Tukio lilianza 07:05 UTC, na mwisho wake ulihesabiwa 12:43. Katika taarifa ya kiufundi ni namba tu. Kwa saa zetu ni saa 4:05 asubuhi hadi saa 9:43 alasiri, siku ya Jumatano. Hiyo ni sehemu kubwa ya siku ya kazi ya ofisi yoyote ya Dar, Mombasa au Kampala iliyoguswa. Na humo ndani barabara iliyoharibika ilikuwa ya mwenye nyumba mwenyewe, jambo ambalo mgawanyo wangu wa nyumba na barabara haukuwa umelifikiria.

Laptopu kuukuu

Juu ya kabati langu kuna laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Imechomekwa modemu ya kampuni ya simu tofauti na inayotuletea fiba. Kila baada ya dakika 5 inatuma barua moja kwenye anwani iliyo nje ya mfumo wetu, nayo anwani ile inajibu. Jibu lisiporudi mara mbili mfululizo, laptopu inanitumia ujumbe mfupi kwenye simu. Kompyuta nyingine inafanya kazi hiyohiyo kupitia fiba ya ofisi. Zikinyamaza zote mbili najua pa kuanzia.

Arifa za ubao nilikuwa nimezielekeza kwenye barua pepe ya kazini, yaani ndani ya nyumba inayoungua. Microsoft 365 inaruhusu kuandika anwani 2 za kupokea arifa. Wanaoisimamia, mojawapo iwe ya nje kabisa. Huduma ya kuingia ikianguka, huingii hata kwenye ubao, ndiyo maana wanao pia ukurasa wa hadharani usiohitaji nenosiri. Anwani yake nimeiandika kwa kalamu ukutani, pamoja na namba za simu za wakuu wa vitengo. Kundi letu la WhatsApp linatosha siku nyingi, lakini tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp nayo ililala kwa karibu saa 6. Karatasi ukutani haikulala.

Na nimempa kijana wa mapokezi nafasi ndogo ya usimamizi, inayotosha kuuona ubao na kufungua tiketi ya kuomba msaada kwa mwenye huduma bila kugusa mipangilio. Siku nikiwa kwenye mwendokasi, mtu mwingine anaona ninachoona.

Mezani nina kaunta buku. Safu ya kwanza, saa ambayo mtu alinieleza. Ya pili, saa ambayo laptopu ilisema. Ya tatu, saa ambayo ubao ulibadilika. Safu ya kwanza imetangulia mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na mara mbili imetangulia hata laptopu.

Alhamisi

Alhamisi iliyopita simu ya mezani ililia saa 3:52.

"Mwanangu, barua zimekaa tu, hazitoki."

Nikatazama ubao. Wote kijani. Laptopu ilikuwa bado haijasema.

"Nimekusikia, mama. Tatizo si lako. Usizime wala usifute kitu. Kama kuna hati unayoihitaji leo, ifungue sasa hivi uichape, maana nakala unazo hapo hapo."

"Nimeshaichapa jana jioni."

Nikazima waifai kwenye simu, nikajaribu. Ikagoma. Nikajaza ripoti kwa mwenye huduma, nikaandika 3:52 kwenye safu ya kwanza. Saa 3:57 laptopu ikatuma ujumbe wake. Nikampigia tena.

"Ni kwao, mama. Ubao bado haujasema, lakini ni kwao. Nitakupigia saa 5 kamili, niwe na jipya au nisiwe nalo."

Saa 5 kamili nilimpigia. Sikuwa na jipya. Tangazo lilikuwa limetoka saa 4:26, likisema wanachunguza, na taarifa inayofuata ni 09:00 UTC.

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa sita, mama."

"Haya. Nipo."

Nikasikia kikokotoo chake kikiendelea kubonyezwa kabla hajakata simu.